Nimepewa dakika tano kusoma wasifu wa mwalimu wetu wa kinanda. Niseme nini?

Alto wa Tandika

Wakuu, heshima zenu. Naomba ushauri, na naomba haraka maana maziko ni Ijumaa.

Mwalimu wetu wa kinanda amefariki usiku wa kuamkia jana. Jina siliweki hapa kwa sababu familia haijatoa ruhusa, lakini kama umewahi kuimba kwaya ya Kikatoliki upande wa Temeke tangu miaka ya 1980, huenda umeshamjua. Yule mzee mrefu, suruali fupi, anayepiga kinanda peku.

Kamati ya mazishi imenikabidhi wasifu. Karatasi kutoka nyumbani ninayo: amezaliwa wapi, shule ya msingi wapi, chuo cha ualimu Butimba, amefundisha shule hii na ile, ameoa, watoto watano, wajukuu kumi na mmoja, amestaafu, ameugua kisukari, amefariki. Yote kweli. Nimeisoma mara tatu kwenye daladala, na kila nikimaliza naona kwamba ukibadilisha jina unaweza kumzikia mtu mwingine yeyote. Neno kinanda limo mara moja tu, mwishoni: "Pia alikuwa mpiga kinanda kanisani." Pia!

Mimi alinipokea nikiwa darasa la sita. Mama alinituma nikaulize kama Jumapili kuna misa ya watoto, nikamkuta amelala chali chini ya kinanda, miguu imetokeza nje kama fundi gereji. Kilikuwa kile kinanda cha kukanyaga walichokiacha mapadri wazungu. Unakanyaga pedeli mbili, mivukuto inavuta hewa, hewa inapita kwenye vijilimi vya shaba, ndipo sauti inatoka. Chombo kama hicho na hali ya hewa ya Dar haviivi chungu kimoja. Mbao zinavimba, vibonyezo vikishuka havipandi, na mende wanaipenda ile gundi ya mivukuto kuliko sukari. Akaniambia bila hata salamu, "Nipe bisibisi. Siyo hiyo, ndogo." Nilikaa pale mpaka jioni nikimpa bisibisi. Swali la mama nililisahau, nikachapwa. Jumamosi iliyofuata nikarudi.

Kwa ajili ya mende aliweka naftalini ndani ya kinanda, kwenye vifuko alivyoshona Mama Mwalimu kwa vipande vya kanga. Mpaka leo wimbo wa Utukufu ukianzishwa misani, mahali popote, pua yangu inapata naftalini.

Miezi mitatu ya kwanza hakuniruhusu kukanyaga. Nilipiga vibonyezo bila hewa, kwa hiyo bila sauti, naye amekaa benchi la mbele akisikiliza vidole vinavyogonga mbao. "Cha nne kimechelewa." Kimechelewaje, na hakuna wimbo? Lakini kweli kilikuwa kimechelewa. Kuhusu mkono alikuwa na somo moja tu: umeshika kifaranga, ukikibana kinakufa, ukilegeza kinakwenda kwa jirani.

Ufunguo wa kinanda aliuvaa shingoni pamoja na rozari. Alhamisi Kuu, Utukufu ukishaisha, kengele zimenyamaza, alikifunga kwa ufunguo mbele ya watu wote, taratibu, kama anayefunga duka. Ijumaa Kuu hakigusi. Jumamosi usiku, Vijilia ya Pasaka, tunasubiri gizani, na kabla ya Utukufu unasikia ule ufunguo, kre, kre. Mimi Pasaka yangu inaanzia hapo, siyo kwenye kengele.

Sasa maswali. La kwanza, ukali wake niutaje? Alikuwa mkali, jamani. Kwaya ikianza kushuka sauti, aliinua mikono akaiacha iimbe yenyewe, kisha kwenye beti la mwisho anagusa kibonyezo kimoja tu ili kanisa zima lisikie tulipoanzia na tulipofikia. Kuna soprano waliohama parokia kwa ajili hiyo. La pili, vijana wanataka mmoja wao apige kinanda peke yake wakati wa misa, bila kuimba, "kumuenzi". Moyo wangu unakataa ila sina hoja. La tatu, hizo dakika tano nianze nazo wapi?

Besi Mstaafu

Binti yangu, pole sana. Kwa habari ya bisibisi nimeshakujua, wewe ndiye tuliyekuwa tukikuita Fundi Mdogo. Umekua mpaka unaandika wasifu! Shikamoo yako nimeipokea hata kama hujaitoa.

Nianze na la pili maana ndilo rahisi. Hoja unayo, na ni yake mwenyewe. Taratibu za muziki wa liturujia haziruhusu vyombo kupigwa pekee katika misa za wafu, kama ilivyo Kwaresima. Kinanda kinasindikiza waimbaji basi. Namkumbuka akimkatalia tajiri mmoja aliyetaka kinanda kilie peke yake wakati jeneza la mama yake linaingia. Yule bwana akatoa bahasha. Mwalimu akaipokea, akaitumbukiza kwenye kikapu cha sadaka mbele ya macho yake, kisha akamuuliza, "Haya, mama alipenda wimbo gani, tuuimbe?" Hilo liseme. Na wasifu usiusome mahali pa homilia, yaani mahubiri, paroko atakukatiza. Msome nyumbani wakati wa kuaga, au kabla misa haijaanza.

Ukali utaje. Usipoutaja, sisi tuliopigiwa kile kibonyezo kimoja tutacheka kanisani.

Mimi nitakupa la karatasi, maana nyinyi wa fotokopi na simu hamlijui. Enzi zetu nota za mistari zilikuwa taabu kunakili. Mtu mmoja anaandika nakala kumi kwa mkono mpaka kidole kinaota sugu. Mwalimu akatuletea solfa. Nota ni herufi, d r m f s l t, kwa hiyo mwenye taipureta anaweza kuuandika wimbo mzima, sauti zote nne, akakata stensili, akazungusha mashine, kwaya nzima ikapata karatasi kwa usiku mmoja. Alikuwa akizikata shuleni kwake baada ya saa za kazi. Alikuja mazoezini na wino mpaka kwenye nyusi.

Na hakutuacha tuimbe solfa bila kujua ilikotoka. Ilianzishwa na mwanamke, mwalimu Sarah Glover wa Norwich kule Uingereza, kisha mchungaji John Curwen akaiboresha na kuieneza katika karne ya 19, sifa nyingi zikaenda kwa mchungaji. Sisi besi, wanaume wazima wenye vitambi, tulilazimishwa kulitaja jina la yule mama kabla ya kupasha sauti. "Nani ametulisha?" "Sarah Glover!" Watu waliopita nje walidhani ni mtakatifu mpya.

Siku moja nilichelewa nikasingizia basi la UDA, lile refu la Ikarus tuliloliita kumbakumba, kwamba limezimikia Mtoni. Akafunga kitabu. Akasimulia kwamba mwaka 1705 kijana wa miaka 20 aitwaye Bach, mpiga kinanda wa mji wa Arnstadt huko Ujerumani, alikwenda kwa miguu mpaka Lübeck kumsikiliza mzee Buxtehude akipiga. Zaidi ya kilomita 400. "Fanya kama kutoka hapa kwenda Dodoma. Wewe unaniletea Mtoni?" Nilinyamaza. Miaka mingi baadaye nikaja kusoma kwamba huyo Bach aliomba ruhusa ya wiki nne akakaa kama miezi minne, na waajiri wake wakamuweka kitimoto aliporudi. Nikampelekea Mwalimu habari hiyo mbio mbio, nimeshinda kesi. Akanitazama juu ya miwani: "Sehemu hiyo haikuhusu."

Mtoto wa Gerezani

Assalaam aleikum na poleni kwa msiba. Mimi ni Mwislamu na kanisani kwenu sijawahi kuingia, ila huyo kama ndiye ninayemdhania, alinifundisha muziki sekondari, na kilio hiki changu pia. Peku hata darasani. Ndiye.

Siku ya kwanza aliandika ubaoni neno moja: barabara. Akamsimamisha kijana wa mbele. "Soma." Akasoma. "Umesema nini?" Njia ya magari, mwalimu. "Na nikikuuliza kazi imekwendaje, ukataka kunijibu sawasawa?" Kijana akajibu, barabara. Herufi zile zile! Akatupigia makofi tusikie. Kwenye njia ya magari mkazo unakaa ba-ra-BA-ra. Kwenye sawasawa unarudi nyuma, ba-RA-ba-ra. "Muziki ni huo tu," akasema, "mengine ni mapambo." Tulidhani ni utani wa siku ya kwanza. Tulikaa na neno hilo wiki mbili.

Baadaye ndipo akatueleza kilichokuwa kinamuuma. Kiswahili karibu kila neno mkazo wake uko silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo neno linamalizika kwa kushuka, laini. Tenzi nyingi zilizotoka Ulaya zinamalizika kwa pigo zito. Ukimimina maneno ya Kiswahili kwenye tuni kama hiyo, nyundo inaangukia silabi ambayo haikuumbwa kupigwa, watu wanaimba mkombo-ZI, upe-NDO. Alisema babu zetu wamemeza hivyo miaka mia na hawakufa, lakini nyimbo alizotunga yeye hutakuta hata mstari mmoja wa namna hiyo. Mimi nikisikiliza kasida za madrasa ya wanangu sasa natega sikio hapo hapo. Ameniharibu.

Lingine. Marehemu baba yangu alikuwa mtu wa fidla, wa zile zama ambazo Dar ilikuwa imegawanyika vikundi viwili vya taarabu, Egyptian na Al-Watan, ukiipenda lazima uwe na upande. Mwalimu alipolisikia hilo akaja nyumbani, kavaa shati la kanisani, kabisa. Alitaka aonyeshwe ile sauti inayokaa katikati ya vibonyezo viwili, ambayo fidla inaipata na kinanda hakiipati. Baba akampigia. Mwalimu akaomba tena. Akaomba tena. Kahawa ikapoa. Mwisho akasema, "Mzee, kumbe mimi miaka yote hii nimekuwa nikiruka ngazi." Baba alimpenda tangu siku hiyo, ingawa alikuwa akituambia faraghani kwamba yule rafiki yenu wa kanisani masikio mazima, ila hajui kunywa kahawa.

Ijumaa baada ya sala nitafika makaburini inshallah. Mkiniona nimesimama kwa nyuma msinipangie kazi.

Mkweli wa Yombo

Wote mnaongea vizuri. Sasa na sisi wengine tuseme.

Huyo mzee alipiga misa tatu kila Jumapili na posho yake ilikuwa nauli, tena nauli ya kwenda. Parokia siitaji. Siku kiliponunuliwa kinanda cha umeme, chenye midundo inayojipiga yenyewe, kamati ikamwambia apumzike, vijana waendelee. Hakuna barua, hakuna asante. Walimwambia mlangoni, watu wakitoka misa. Leo kamati hiyo hiyo imechapisha fulana zenye picha yake.

Kama hilo halimo kwenye wasifu, dakika tano zako ni za bure dada.

Na madaftari yake yako wapi? Alikuwa na madaftari ya nota, yale ya jalada gumu, zaidi ya ishirini, nyimbo alizotunga mwenyewe. Msiwaachie watu wa kamati. Mkiyaweka stoo yatakuwa chakula cha mchwa kabla ya arobaini. Pigeni picha kurasa zote kwa simu, mchana, karibu na dirisha, bila kivuli cha mkono, kisha mpeleke nakala sehemu tatu tofauti. Msiyaandike upya "kuyasafisha". Makosa yake ni yake, na aghalabu hayakuwa makosa.

Alto wa Tandika

Wakuu, nawashukuru mno. Nilikuwa msibani tangu asubuhi, nimesoma yote jikoni nikimenya vitunguu, kwa hiyo hakuna aliyeniuliza ninalilia nini.

Mzee wangu Besi Mstaafu, shikamoo. Ya bahasha inaingia. Ya Bach inaingia mpaka mwisho, pamoja na "haikuhusu". Vijana nimeshawaambia habari ya kinanda pekee. Mmoja amenuna. Nimempa kazi ya kumtafuta anayejua kusema Norwich.

Kaka wa Gerezani, Mama Mwalimu amesema njoo mbele, siyo nyuma. Anaikumbuka nyumba yenu. Anasema aliporudi kutoka kwenu siku ile hakulala, alikuwa anapiga mluzi mpaka jirani akagonga ukuta.

Kaka wa Yombo, umenikoroga. Nimeandika aya ya kinanda cha umeme mara nne na kuifuta mara nne. Si kwa kuogopa kamati. Ni kwa sababu mwenyewe alipowekwa pembeni alihamia kwenye mabenchi ya besi, akaomba karatasi ya nota kama mtu mgeni, akaimba. Nikisoma hasira ambayo yeye hakuisema, nani anaongea hapo, yeye au mimi? Lakini kunyamaza nako siwezi. Kwa hiyo nitasoma jambo nililoliona mwenyewe, kila mtu alipime anavyotaka.

Mwaka ule ule, Vijilia ya Pasaka, umeme ulikatika tukiwa kwenye masomo. Kinanda kipya kikafa. Jenereta halikuwa na mafuta. Watu wote, na padri mwenyewe, wakageuka kutazama kona kilipokuwa kinakaa kile cha zamani. Kona tupu. Walikuwa wamekipeleka stoo, wamekipangia viti vya plastiki juu, na panya walishamaliza mivukuto. Naftalini nani angeweka?

Tukakaa kimya na mishumaa yetu. Kisha kutoka benchi la besi nikasikia ufunguo. Kre. Aliendelea kuuvaa, jamani, ufunguo wa kinanda kisichokuwapo, na aliukwaruza kwenye mbao ya benchi. Akasimama akatoa sauti moja kwa mdomo. Do. Tukaichukua, tukaimba Utukufu wote bila chombo, na sijawahi kuimba hivyo tena. Katikati umeme ukarudi. Yule kijana wa kinanda kipya, kwa heshima kabisa, akagusa kibonyezo atupime. Tulikuwa chini, nusu sauti kamili, yaani kibonyezo kimoja kwa kinachofuata, tangu ile do ya kwanza. Kanisa zima likaganda. Watu wanasubiri, maana kama kuna mtu hakuwahi kumsamehe yeyote nusu sauti ni yeye. Akacheka wa kwanza. "Nimezeeka nusu sauti," akasema, akaketi.

Nitaanzia na hapo. Karatasi ya familia nitaisoma baadaye, haraka. Lile neno "pia" nimelikata kwa kalamu nyekundu, na binti yake mkubwa ameona, amecheka.

Madaftari tumehesabu ishirini na matatu. Yamefungwa kwa kanga kwenye kabati la Mama Mwalimu, na picha tunaanza kupiga Jumapili baada ya misa. Mwenye simu ya kamera nzuri aje.

Mazoezi ya wimbo wa kutoa mwili ni Alhamisi saa 11 jioni, nyumbani kwake, siyo kanisani. Soprano wako wengi kupita kiasi, wakiwemo wale waliohama parokia. Besi ni wanne tu, nao wawili wana mafua. Mzee Besi Mstaafu, nasikia uko Ukonga, kumbakumba hazipo tena, huna pa kusingizia.

Ufunguo ninao mimi.